Besi ya Tanga Mikononi mwa Fundi wa Mombasa

Jumanne, Tanga hadi Likoni

Safari hii imetokana na mkono wa mtu mwingine. Mpiga besi wa bendi moja ya Mombasa, bendi inayotumbuiza harusini na katika hoteli za ufukweni, ameagizwa na daktari aupumzishe mkono wake wa kushoto kwa sababu ya maumivu ya kano, na wenzake wakaniomba nije kumshikia nafasi katika shughuli za mwisho wa juma. Nilikubali bila kusita. Kwa mwanamuziki wa Tanga, Mombasa si ugenini: taarabu ya Black Star Musical Club ya Tanga, iliyoingiza gitaa la umeme na besi mahali palipozoea udi na fidla, ilipendwa hadi Mombasa, na wapigaji wa huko wakaijibu kwa mtindo wao wenye taishokoto, ala ya nyuzi na vibonye yenye asili ya Japani, na mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani.

Gitaa nililobeba ni la nyuzi nne, la umbo la Precision, umbo alilolitoa Leo Fender nchini Marekani mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alilazimika kubeba besi kubwa ya mbao ambayo sauti yake ilimezwa na tarumbeta, tena isiyo na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, za kumhakikishia kwamba kidole kimetua mahali pake. Langu limetengenezwa Japani nami nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Kabla ya kuondoka nililifunga nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo, kwa kuwa sauti yake ni nzito na tulivu, na kwa maoni yangu ndiyo sauti inayoufaa muziki wa Pwani kuliko nyingine yoyote. Nyuzi za namna hii huvuta sana. Mvuto wa nyuzi zote nne kwa pamoja huzidi kilo 70, na shingo ya mbao hulazimika kuustahimili usiku na mchana. Nilijua shingo itapinda na itahitaji fundi, na fundi niliyemtaka yuko Mombasa.

Ndani ya basi nililiweka gitaa kati ya magoti, kamwe si kwenye buti ambako masanduku hulaliana. Nyuzi sikuzilegeza. Wapo wanaoamini kwamba gitaa la safari ni lazima lilegezwe kabisa, lakini shingo husimama kwa sababu nyuzi zinaivuta upande mmoja na chuma kilicho ndani yake kinaivuta upande wa pili. Ukiuondoa mvuto mmoja ghafla, unaiacha shingo mikononi mwa ule uliobaki. Mpakani Horohoro na Lunga Lunga niliulizwa kilichomo mkobani, nikaonyesha risiti yenye namba iliyopigwa chapa kwenye gitaa, na mazungumzo yakaishia hapo. Kila mwanamuziki anayevuka mpaka na ala yake na awe na karatasi hiyo.

Tulifika Likoni jua likielekea kutua, katika msimu huu wa kusi ambao hewa yake ukiilamba midomoni unaonja chumvi. Nilishuka na kuvuka kwa miguu pamoja na umati, gitaa nikiwa nimelikumbatia kifuani, maana katika msongamano wa feri mgongo hauna macho. Mpiga solo wa bendi alikuwa akinisubiri upande wa kisiwani, akaupokea mkoba kabla hata ya kunipa mkono.

Jumatano, Majengo

Mazoezi yalifanyika katika chumba cha ghorofani mtaani Majengo, chenye madirisha yaliyozibwa kwa magodoro makuukuu ili majirani wasisumbuke. Bendi ina mpiga ngoma, mpiga solo, mpiga kinanda, mpuliza saksafoni na mwimbaji wa kike ambaye wote wanamwita Bi Mkubwa, kwa heshima ya miaka aliyokaa jukwaani. Yeye ndiye aliyenipangia nyimbo, na aliziimba zote kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, ili nijue pumzi yake inakatikia wapi. Nimefanya kazi na waimbaji wengi, na wachache wanaojua kwamba mpiga besi anahitaji kuambiwa habari za pumzi kabla ya kuambiwa habari za ufunguo.

Matatizo ya gitaa yalijitokeza mara tu nilipochomeka waya. Kwanza kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, sauti ile ya umeme wa majumbani ambao Kenya, kama Tanzania, huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Mpiga solo akaniambia nizishike nyuzi zote kwa kiganja. Kipimo hiki ni rahisi na kila mpigaji angestahili kukijua: mvumo ukipungua unapozishika nyuzi, basi waya wa ethi, yaani wa ardhini, unaounganisha mfumo wa ndani na kidaraja, kile chuma kinachozishika nyuzi kiwiliwilini, ni mzima, na kinachokosekana ni kinga dhidi ya mawimbi ya nje, usipobadilika hata kidogo, basi waya huo umekatika mahali fulani. Wangu haukubadilika. Pili, nyuzi zilikuwa zimeinuka sana katikati ya shingo, na kila nilipopanda freti za juu sauti ilikuwa kali kidogo kuliko inavyopasa, kwa sababu kuusukuma uzi masafa marefu mpaka uguse freti ni sawa na kuukaza. Tatu, kile kipande cha plastiki kinachozishika nyuzi mwanzoni mwa shingo kilikuwa kimepasuka kwenye mfuo wa uzi wa E, ulio mnene kuliko nyuzi zote, na uzi huo ukipigwa wazi ulitoa mlio wa kutatarika.

Tulifanya mazoezi hivyo hivyo hadi adhuhuri kwa gitaa la mwenye nafasi, yule mpiga besi anayeuguza mkono, ambaye alikuwa ameliacha chumbani makusudi kwa ajili yangu. Mpiga kinanda alipendekeza tuongeze spika ya tatu kwenye amplifaya ya besi kwa ajili ya harusi, na jambo hili lilihitaji mjadala wa kina. Spika zao mbili ni za omu 8 kila moja, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Zikiunganishwa sambamba, amplifaya huona omu 4, na hicho ndicho kiwango cha chini kilichoandikwa mgongoni mwake. Ukiongeza ya tatu iliyo sawa na hizo, omu hushuka hadi 2.7 hivi, umeme unaopita ndani huzidi uwezo wa vifaa, na amplifaya hupata joto mpaka ijizime, au mpaka ifike mahali isiwashwe tena. Alisikiliza kwa makini, akaichukua tochi kwenda kuyasoma maandishi mwenyewe, akarudi na kusema spika ya tatu ibaki nyumbani. Namheshimu mtu anayekwenda kusoma mwenyewe.

Alhamisi, Mji wa Kale

Fundi ninayemzungumzia ana kibanda katika kichochoro kilicho nyuma ya Marikiti, ambako harufu ya iliki na karafuu haiondoki hata mvua ikinyesha. Ni mzee wa makamo ya juu aliyeanza kwa kutengeneza redio na santuri, akaingia katika udi na taishokoto kwa sababu wapiga taarabu walikuwa majirani zake, na magitaa yakamfuata yenyewe. Ukutani mwake hakuna cheti chochote. Kuna msumeno mwembamba, tupa za kila unene, kopo la solda, na kisanduku cha mbao chenye mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa, ikakamuliwa mafuta na kuanikwa mpaka ikawa myeupe.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikaanza kumweleza kasoro moja baada ya nyingine. Alinikatiza kwa upole.

"Keti kwanza, mwanangu. Jumamosi mutapiga nini?"

Nikamwambia ni muziki wa bango kwa wingi, na chakacha itakapofika saa ya akina mama kuingia uwanjani.

"Basi nipigie chakacha. Gitaa nitalitazama baadaye."

Nilipiga bila amplifaya, yeye akiwa ameegemeza sikio lake kwenye pembe ya kiwiliwili cha gitaa, akisikiliza kwa njia ya mbao. Hakuwa akikagua ustadi wangu. Alikuwa akiangalia mkono wa kulia unagonga kwa nguvu gani, na nyuzi zinacheza kwa upana gani zinapogongwa. Alipotosheka alinieleza jambo ambalo nimekuwa nikilihisi kwa muda mrefu bila kulisikia likitamkwa waziwazi: kwamba gitaa halitengenezwi kwa kufuata kitabu, bali kwa kufuata ngoma litakayoipiga. Watengenezaji wengi hupendekeza uzi wa E uinuke juu ya freti ya 12 kwa milimita 2 hadi 2.5, na kwa mtu anayepiga kwa ncha za vidole kipimo hicho kinatosha. Chakacha hugongwa. Uzi uliolala chini mno ukigongwa hugonga freti nao, na kile kishindo kifupi cha besi kinachowainua wachezaji hugeuka kelele za chuma.

Alianza na shingo. Katika magitaa ya umbo hili la kizamani, kichwa cha chuma cha ndani hakipo upande wa vigingi vya kukazia nyuzi bali kipo mwisho wa shingo, kimefichwa mle inamounganika na kiwiliwili, kwa hiyo kila marekebisho hudai shingo ilegezwe skrubu zake nne na kuinuliwa. Mafundi wasio na subira hukaza mzunguko mzima kwa mara moja ili wasirudie kazi hiyo, na shingo nyingi zimeharibika kwa njia hiyo. Mzee alikaza robo ya mzunguko tu, akarudisha skrubu, akanitaka nizikaze nyuzi mpaka sauti zake kamili, kisha akaiacha ala imelala juu ya kitambaa huku tukinywa kahawa chungu kwa kashata. Mbao, alisema, hazitii amri papo hapo.

Kipimo chake kilinipendeza kupita kiasi. Aliuminya uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja, akauminya tena pale shingo inapoingia kiwiliwilini kwa mkono wa pili, ili uzi wenyewe uwe rula iliyonyooka. Kisha akaniomba nipitishe nyembe za kunyolea chini ya uzi huo, karibu na freti ya 7. Wembe mmoja wa pande mbili una unene wa milimita 0.1, nyembe tatu zilizobebana ni milimita 0.3, na hicho ndicho kiasi cha mpindo anachokitaka kwa nyuzi bapa. Mara ya kwanza nyembe zilipita na nafasi ikabaki. Akarudia kazi yote tangu mwanzo: skrubu nne, robo ya mzunguko, skrubu nne, nyuzi, kahawa. Safari hii nyembe tatu ziliingia zikiugusa uzi bila kuuinua. Vipimo vya kununuliwa vipo, lakini sioni vinaongeza nini juu ya hivi.

Baada ya shingo alikifungua kidaraja. Chini yake kulikuwa na waya mwembamba wa shaba uliotakiwa kubanwa kati ya chuma na mbao, na waya huo ulikuwa umeota kutu ya kijani hadi ukakatika wenyewe. Hewa ya bahari huanza na vitu kama hivyo: waya wa ethi, jeki ya kuchomekea waya, skrubu ndogo za kidaraja, vishikizo vya sauti. Alikata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya kwa solda, akaukwangua upande wa chini wa kidaraja kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kisha akaupaka mahali pa mguso mafuta mazito kidogo ili chumvi isipate njia. Vishikizo vya sauti alivipulizia dawa ya kusafishia, akavizungusha mbele na nyuma mpaka mikwaruzo ikaisha. Tulipochomeka amplifaya yake ndogo, mvumo ulikuwa umetoweka.

Kazi ya mfupa, wa kukaa mahali pa ile plastiki iliyopasuka, ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi. Alichagua kipande cha mfupa wa muundi, kwa kuwa ni mgumu na hauna vitundu vingi, akakikata na kukisugua mpaka kikaingia katika mfereji wake kwa kusukumwa kwa kidole gumba, bila kulegea na bila kulazimishwa. Mifuo minne aliichonga kwa vipande vya nyuzi kuukuu zenye unene sawa na zangu, kwa sababu mizunguko ya waya juu ya uzi wa besi ni tupa tosha kwa mfupa, na mfuo unaochongwa na uzi hupata umbo la uzi. Uzi wangu wa E una unene wa milimita 2.7 hivi, ule wa G milimita 1.1, na kila mfuo ulitakiwa kuukaribisha uzi wake mpaka nusu ya mwili tu. Kujua kina kinachofaa aliminya uzi kwenye freti ya 3 na kutazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza: alitaka uwazi unaoonekana kwa taabu mbele ya mwanga, lakini uwepo. Alifanya hivyo kwa kila uzi, akikata kidogo, akiupuliza unga wa mfupa, akitazama, akikata tena, hadi adhana ya alasiri ilipomwita.

Aliporudi msikitini alimalizia urefu wa nyuzi kwenye kidaraja, akilinganisha sauti ya uzi unapoguswa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake unapominywa hapo hapo. Ile ya pili ikiwa juu, kipande cha kidaraja hurudishwa nyuma ili uzi urefuke. Juu ya freti ya 12 aliuacha uzi wa E kwenye milimita 3 kamili. Kisha akachukua sponji ya godoro, akakata ukanda mwembamba na kuupachika chini ya nyuzi, karibu na kidaraja. Fender wenyewe waliweka kizuizi cha namna hiyo ndani ya kifuniko cha kidaraja katika besi zao za mwanzo, na James Jamerson wa Detroit, ambaye kwangu hajapatikana wa kumzidi, alipiga kwa nyuzi bapa na sponji miaka yote. Sauti ilikuja fupi na nene, ikakatika pale pale nilipotaka ikatike. Mzee alinitajia ujira wa haki, nikaulipa wote.

Ijumaa, Tudor

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Tudor kumjulia hali mwenye nafasi. Mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji, lakini wa kulia ni mzima, na tulipiga chakacha wawili kwenye gitaa moja: mimi nikiminya freti, yeye akigonga nyuzi. Chakacha huenda kwa mapigo sita, na mapigo sita yana njia mbili za kugawanyika, tatu mara mbili au mbili mara tatu. Miguu na viuno vya wachezaji hufuata ile ya kwanza. Yeye huiweka besi kwenye ile ya pili, kisha huliacha tupu pigo linalofungua mzunguko, ili mchezaji alijaze mwenyewe kwa mwili wake. Nilikuwa nikiipiga chakacha kwa namna ya Tanga, ambako besi nyingi hukaa pamoja na ngoma. Mkono wake ulinifundisha pale pale, kwa maana mtetemo wa uzi niliousikia kidoleni ulikuwa wangu na uamuzi wa wakati ulikuwa wake.

Nyuzi za besi hazipatikani kwa urahisi mjini hapa. Wapigaji huagiza Nairobi au humtuma jamaa anayerejea kutoka Dubai, na nyuzi za kawaida zilizochoka huchemshwa majini ili uchafu uliokwama kati ya mizunguko utoke na sauti irejee kwa muda. Nyuzi bapa hazihitaji hilo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipenda.

Jumamosi, Kengeleni

Harusi ilikuwa ya jamaa za watu wa Frere Town, makao waliyojengewa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870, na kengele yao ndiyo iliyolipa eneo hili jina la Kengeleni. Huku ndiko nyumbani kwa bango, muziki uliopata umaarufu kwa saksafoni ya Mzee Ngala, unaochanganya midundo ya Wamijikenda na ladha ya jazi na ya Amerika ya Kusini. Watu wa hapa wanaujua muziki wao, na babu wa bwana harusi alikuja mpaka mbele ya jukwaa kusikiliza besi kabla hajampa mtu mkono.

Kabla ya kupiga tulikagua umeme, na kwa hili mpiga solo hana mzaha. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na ethi kupitia waya ule ule alioutengeneza mzee, kwa hiyo mpigaji anayeshika nyuzi huku midomo yake ikigusa maikrofoni ni daraja kati ya mitambo miwili. Mtambo mmoja ukikosa ethi, volti 240 zinaweza kupita mwilini mwake. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Tuligusisha testa kwenye kila maikrofoni na kila kisanduku cha amplifaya. Maikrofoni ya pili iliwasha taa ya testa, nasi tukahamisha mitambo yote kwenye soketi moja iliyothibitika kuwa na ethi, huku Bi Mkubwa akiwaeleza wenye harusi kwa nini muziki umechelewa. Taa haikuwaka tena.

Bango tulilipiga hadi usiku mkubwa. Katika muziki huu saksafoni husema na besi hujibu, na mpuliza saksafoni wetu ana desturi ya kumgeukia mpiga besi anapokaribia kumaliza kauli yake, akiinua nyusi. Nilijifunza kuyangoja macho yake. Ilipofika chakacha akina mama walifunga leso viunoni, duara likajaa, nami nikaliacha lile pigo la kwanza tupu. Walilijaza. Uzi wa E haukutatarika hata mara moja, ingawa niliugonga kwa nguvu zangu zote, na mfupa haukuuachia uzi wowote uteleze nje ya sauti kutoka wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho. Babu wa bwana harusi alikuja kunishika mkono wakati wa mapumziko akaniuliza mimi ni wa nani Tanga, tukakuta kwamba anamfahamu mjomba wangu.

Jumapili, Bamburi

Hotelini mambo yalikuwa tofauti. Jukwaa liko mchangani, halina ukuta nyuma wala paa, na besi iliyokuwa imejaa ukumbini jana ilipotelea baharini. Sauti ya uzi wa E hutetemeka mara 41 kwa sekunde na wimbi lake moja lina urefu wa mita 8 na zaidi. Ndani ya jengo, sakafu na kuta huurudisha mtetemo huo na kuukuza, lakini uwanjani hauna cha kuurudisha. Wengi hukimbilia kuongeza sauti mpaka spika ipasuke. Sisi tuliziondoa spika kwenye vigae vya jukwaa, tukazilaza chini zikigusa ardhi na kuzisukuma mpaka kwenye ukuta wa baa, na besi ikarudi bila kugusa kishikizo chochote.

Kijana mmoja anayepiga katika bendi ya hoteli ya jirani alikuja kututazama akiwa na gitaa lake la nyuzi tano, lile la uzi wa B ulio chini kabisa, akilalamika kwamba betri yake ya volti 9 haikai wiki. Magitaa yenye betri huwaka pale tu waya unapochomekwa, hata kama hayapigwi, naye alikuwa akiliacha lake limechomekwa usiku kucha. Nilipomweleza, naye akanifunza jambo lake: hukusanya vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, hukausha chembechembe zake kwenye kikaango juu ya moto mdogo, kisha huvishona katika kitambaa na kuvitia mkobani. Alifungua mkoba wake nikaona. Vishikizo na skrubu za gitaa lake ni safi kuliko vyangu, ilhali anapiga hatua chache kutoka majini kila siku. Alinigawia vifuko vinne.

Tulipomaliza nilipangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, moja moja na chini yake pia, kabla jasho na chumvi havijakauka.

Jumatatu, Tanga

Asubuhi nilirudi kichochoroni kumuaga mzee. Alikuwa tayari ameshika gitaa la mwenye nafasi, ambalo wenzake walilipeleka ili likaguliwe wakati mwenyewe akipumzika, na alinionyesha mfupa aliokwisha kuukata kwa ajili yake. Aliniuliza nyuzi zangu zilivyokaa harusini, nikamweleza, akaandika milimita 3 ukutani kwa penseli karibu na jina la mji wangu.

Nimefika Tanga jioni hii na nimeipima tena shingo kwa nyembe. Mbili zinapita, ya tatu inakwama kidogo. Mzee alikuwa ameniambia litatokea, na akaniagiza nisikiguse chuma cha ndani kabla gitaa halijakaa nyumbani siku kadhaa katika mkoba wake, likiwa na nyuzi zake zote. Alhamisi nitapima mara nyingine na kumpigia simu.